Tumbawe si jiwe

Pwani yetu yote ya Tanzania, kuanzia Jasini mpaka Msimbati, neno linalotumika kila siku ni moja: mwamba. Wachokoaji wa pweza wanakwenda mwambani maji yakitoka. Mvuvi wa mshipi analo jiwe lake analolijua kwa alama za nchi kavu, mbuyu ule ukikaa sawa na paa lile, anatia nanga. Hayo ni maneno ya wajuzi wa bahari na sina ugomvi nayo. Lakini yametuzoesha kuamini kwamba kilichoko chini ni jiwe kweli, na jiwe halifi. Ukilikanyaga haliumii, na likivunjika mawe mengine yapo.

Tumbawe ni mnyama. Mchana ukilisogelea kwa miwani ya kuzamia utaona vitundu vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Rudi usiku na tochi: kila kitundu kimetoa kiumbe laini, pengine kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mikono myembamba kuzunguka mdomo, kinanasa vidudu vinavyopita na maji. Ni jamaa ya yavuyavu. Kila kimoja kinajijengea kikombe cha chokaa cha kukalia, na vizazi vinavyofuata vinajenga juu ya vikombe vya waliotangulia. Kile tunachokiita mwamba ni majengo yao, na wakazi wake wako juu kabisa, ngozi nyembamba tu ya uhai. Ndiyo maana mguu mmoja wa mtu aliyesimama kupumzika unaweza kuua kilichochukua miaka kuota.

Na ni miaka kweli. Tumbawe la matawi laweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka mambo yakiwa mazuri. Lile la duara, kubwa kama kichuguu, huongezeka kama sentimita 1 tu. Ukikuta lenye kimo cha mita mbili, hesabu mwenyewe: lilianza kuota kabla ya mababu wa babu zako hawajazaliwa.

Mafundi wa zamani walijua kwa mikono yao kwamba hili si jiwe la kawaida. Tumbawe walilolitoa baharini lilichongeka vizuri likiwa bado bichi, likikauka likawa gumu. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 1107, yalichongwa kwenye tumbawe, na Kilwa Kisiwani kote utayaona matumbawe hayo hayo kwenye kuta na nguzo. Baadaye yakaja matanuri ya chokaa, yakala matumbawe kwa mashua nzima nzima, hasa Mafia na upande wa Mtwara.

Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi wapangaji, mwani mdogo usioonekana kwa macho. Unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake mpaka asilimia 90 ya anachohitaji. Rangi nyingi unazoziona mwambani ni za mwani huo. Kwa sababu hiyo matumbawe yanataka maji meupe na yenye mwanga, na huyakuti mbele ya midomo ya Rufiji ambako mto unamwaga tope. Mikoko na nyasi bahari zinasaidia kulizuia tope hilo lisifike mbali, kwa hiyo anayekata mikoko ovyo anaugusa mwamba pia, hata kama hajawahi kupanda ngalawa.

Duniani, miamba ya matumbawe haifikii asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini wanaitegemea kwa namna fulani. Kwetu tuiseme kwa majina yanayojulikana mnadani: changu, chewa, tasi, pono, kamba koche, pweza. Na hata asiyekula samaki analindwa. Mwamba uliosimama vizuri hupunguza nguvu ya mawimbi kwa zaidi ya asilimia 90 kabla hayajafika ufukweni. Kusi inapovuma, mstari mweupe wa povu unaouona mbali kule ni bahari inapigana na matumbawe badala ya kupigana na nyumba zetu.

Nije kwenye uvuvi wa baruti, maana hapa ndipo moyo unaponiuma zaidi. Nimezamia sehemu zilizopigwa. Unateremka kutoka kwenye bustani yenye samaki wa kila rangi, mita chache mbele unaingia kwenye uwanja wa kijivu: vipande vya matumbawe vilivyovunjika kama vigae, vimelala ovyo, kimya. Mtu hudhani pataota tena. Tatizo liko kwenye vipande vyenyewe. Tumbawe changa linahitaji mahali imara pa kushika, na kifusi kinabingirika kila bamvua. Linashika, linageuzwa, linasagwa. Kwa hiyo shimo lililopigwa leo laweza kubaki shimo kwa miongo kadhaa, kwa ajili ya samaki wa asubuhi moja, na wengi wao huzama bila kuokotwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kabisa uvuvi huu. Milio imepungua sana tangu msako ulipokazwa katikati ya miaka ya 2010, na wanakijiji waliothubutu kutoa taarifa wanastahili shukrani.

Kokoro nalo, likiburutwa mwambani, linavunja kimyakimya. Kuna na jambo lisilosemwa sana: tukimaliza samaki aitwaye kikande, wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi wanaongezeka, kwa kuwa kikande ndiye anayewala. Wakizidi, wanaukwangua mwamba mpaka unachakaa. Pono, tasi na kangaja wanakula majani ya bahari yanayoyasonga matumbawe machanga. Nyavu zenye macho madogo zinawaondoa wote hao kwa mkupuo mmoja.

Halafu joto. Bahari ikizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, ikakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linawatoa wapangaji wake na kubaki jeupe pe. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe katika Bahari ya Hindi ya magharibi, na Mafia iliumia vibaya. Likarudi 2016, likarudi tena 2024. Naomba hili lieleweke: tumbawe lililopauka bado halijafa. Lina njaa. Joto likishuka mapema linapokea mwani upya na kupona. Katika wiki hizo kila bughudha inahesabika, nanga, mguu, kokoro, maji machafu.

Ulinzi tunao. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, kisha ikaja Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Zanzibar ina Chumbe, Ghuba ya Menai, Mkondo wa Pemba. Ila mimi imani yangu kubwa iko kwa vijiji vyenyewe. Pemba, Unguja na Mafia zipo jamii zinazofunga mwamba wao wa pweza kwa miezi mitatu hivi. Pweza anaishi kama mwaka mmoja tu na anakua haraka mno, hivyo miezi hiyo inamgeuza kutoka wa kukaanga kikaangoni kimoja hadi wa kuuzwa kwa kilo. Siku ya kufungua kijiji kizima kinashuka. Na mwamba nao umepumzika miguu na vyuma vya kuchokolea.

Kwa anayepita baharini wiki hii: tia nanga kwenye mchanga, au funga kwenye boya kama lipo. Ukiwaongoza wageni, waambie kabla hawajaruka majini kwamba chini hapasimamwi. Usinunue tumbawe wala kombe la pambo. Na ukiona mwamba umegeuka mweupe, andika tarehe, jina la mahali na kina cha maji, upeleke kwa BMU, yaani kikundi cha kusimamia rasilimali za bahari, ya kijiji chako au kwa afisa uvuvi. Sisi tunaopima hali ya matumbawe hatuwezi kuwa kila mahali, na mara nyingi ni mvuvi anayeuona weupe huo kwanza.