Pima Kwanza: Betri ya Gari la Zamani Katika Joto na Chumvi ya Malindi

Gari likikataa kuwaka asubuhi, betri ndiyo hushtakiwa kwanza, na mara nyingi huhukumiwa bila kusikilizwa. Mwenye gari hununua mpya, na baada ya wiki chache yuko palepale anasukumwa na vijana wa tuktuk. Baadhi ya betri zinazoletwa kwenye karakana ya chuo chetu zikiitwa maiti huchajiwa tu zikarudi kazini. Ugonjwa ulikuwa kwingine.

Maelezo mengi ya utunzaji wa betri yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaohofia theluji. Sisi adui wetu ni joto. Betri ya kawaida ina vyumba sita, kila kimoja kikiwa na mabamba ya madini ya risasi yaliyozama katika maji yenye asidi ya salfa. Joto huharakisha kutu ndani ya mabamba na kukausha maji. Gari lililoegeshwa juani wakati wa kaskazi, kisha likapelekwa Gede na kurudi injini ikitokota, hula betri upesi. Hapa pwani, betri ikitimiza miaka mitatu ianze kutiliwa shaka, hata kama bado inawasha.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari huleta unyevu unaokaa kwenye vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa, na mvuke wa asidi ukichanganyika nao huota unga mweupe au wa kijani. Unga huo huzuia umeme: stata, mota inayozungusha injini iwake, hulia "tik" moja na kunyamaza, na dukani utaambiwa betri imekwisha. Fungua waya hasi (−) kwanza, kisha chanya (+). Sababu ni kwamba bodi ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo spana ikiwa kwenye chanya ikagusa bodi, cheche zitaruka. Yeyusha kijiko cha magadi soda katika glasi ya maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani bila kuyaacha yaingie kwenye vyumba, suuza, kausha, paka vaselini. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho.

Baada ya kusafisha, pima. Mita ya fundi umeme, ile yenye waya mwekundu na mweusi, inatosha, na fundi yeyote wa waya mjini anayo. Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imekaribia kuisha, na ikiachwa hivyo kwa wiki kadhaa mabamba hugandwa na salfeti ambayo chaja haiwezi kuiondoa tena. Sasa mwambie mtu awashe huku ukitazama mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6 stata inapozunguka, hiyo kweli imechoka. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alteneta, jenereta ya gari inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji au mkanda wake umelegea. Betri mpya nayo itaisha. Ikipita 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika na kinachemsha maji ya betri yako.

Kama vyote viko sawa na bado betri inaisha usiku, kuna kitu kinanyonya. Kwenye magari ya zamani huwa ni redio kubwa, alamu au taa za urembo zilizounganishwa moja kwa moja na betri. Gari lililozimwa na kufungwa halipaswi kuvuta zaidi ya kama ampea 0.05. Fungua waya hasi, weka mita kwenye ampea kati ya waya huo na kichwa chake, kisha chomoa fyuzi mojamoja mpaka uone namba ikishuka, utamjua mwizi.

Kwa betri zenye vifuniko, angalia maji kila mwezi. Ongeza maji ya betri tu, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, mabamba yazame. Maji ya kisima cha Malindi, ambayo hata chai huyakataa, yana chumvi inayoua mabamba. Asidi usiongeze, iliyomo haikuondoka, kilichopungua ni maji. Na usivute sigara hapo, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na hulipuka. Asidi ikikuingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi dakika 15 kisha nenda hospitali.

Walinzi wa nyumba za wageni kule Casuarina wananielewa nikisema gari lililolala msimu mzima huua betri. Fungueni waya hasi, na mchaji betri kila mwezi.

Ukilazimika kununua, nenda na betri ya zamani ulinganishe ukubwa, unene wa vichwa, na upande uliko chanya. Uliza tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa rafuni miezi mingi imeanza kuzeeka kabla hujailipia. Ipimwe mbele yako, na risiti iandikwe dhamana. Kisha ifungwe kwa kibano chake. Nimeona nyingi zimefungwa kwa raba ya tyubu, na barabara ya Marafa inazitikisa mpaka unga wa mabamba unadondoka na chumba kimoja kinakufa.

Ile ya zamani irudishe dukani. Wauzaji wengi hukupunguzia bei. Usimpe mtu atakayemwaga asidi mchangani na kuyeyusha risasi nyuma ya nyumba. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Unapoisafirisha, isimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, mbali na watoto na mbali na samaki wa jioni.