Tuzo za insha za falsafa: msijitoe kabla hamjaandika

Vijana wetu waliomaliza uzamivu (PhD) wa falsafa, na walio njiani kumaliza, wanakuja hapa chuoni kutuuliza ivi hizi tuzo za insha za wanazuoni wachanga ni za watu gani, maana wanasoma tangazo halafu wanajitoa wenyewe, mimi natoka Wete, Pemba, nani atanisoma. Atakusoma jaji ambae hajui kama unatoka Wete, ndo jambo la mwanzo la kulijua.

Utaratibu wa kuficha jina ni wa zamani. Karne ya 18 akademia za Ulaya, yaani jumuiya za wanazuoni, zilikuwa zinatoa suali moja, mshindani anapeleka insha haina jina, juu kaandika msemo tu, na jina lake limo ndani ya bahasha iliyofungwa yenye msemo ule ule. Mwanafalsafa Rousseau alishinda tuzo ya akademia ya Dijon, Ufaransa, mwaka 1750 ivo ivo, hana digrii wala cheo chochote, na suali lilikuwa kama kufufuka kwa sayansi na sanaa kumetakasa maadili, yeye akajibu hapana, kumeyaharibu. Kant, mwanafalsafa mkubwa wa Kijerumani, nae alishindwa kwenye tuzo ya akademia ya Berlin mwaka 1763, akashinda mwanafalsafa mwenzake Moses Mendelssohn. Schopenhauer, Mjerumani mwengine, alishinda Norway 1839 kwa insha ya uhuru wa hiari, akapeleka nyengine Denmark, mshindani alikuwa yeye peke yake na 1840 wakamnyima, majaji wakasema hakujibu suali aliloulizwa na tena kawavunjia heshima wanafalsafa wakubwa wa wakati ule.

Hapo kwenye kutojibu suali ndo napasisitiza sana, kwani insha nyingi za vijana wetu ninazozisoma zinaangukia hapo. Kurasa kumi za Plato kasema hivi Ibn Rushd kasema vile, hoja yake mwenyewe inakuja mwisho imechoka. Jaji anataka dai moja, aone umelijenga vipi, kisha ulete pingamizi kali kabisa unaloliweza dhidi yako mwenyewe na ulijibu kwa haki.

Na madai tunayo. Chukua wakfu, mali mtu anayoifunga kwa ajili ya kheri isiuzwe, nyumba ngapi Mji Mkongwe ni za wakfu, mtu kaandika sharti lake kafariki zamani na sisi mpaka leo tunafungwa nalo, sasa je maiti ana haki juu ya walio hai, au tunalitii sharti kwa sababu ya Mungu, au kwa sababu ya wanaofaidika? Hilo ni suali la falsafa tupu, na mtu aliyekulia hapa analiona kwa karibu kuliko wengi. Mwanafalsafa Odera Oruka wa Kenya alikaa na wazee vijijini akarikodi fikra zao, na akatenganisha mzee anaehadithia mila tu na mzee anaeihoji, basi ukienda kwa mzee wa Makunduchi au Micheweni usirudi na methali, rudi na sababu zake.

Uchanga huu si umri. Kwa kawaida wanahesabu miaka tangu ulipopata uzamivu, kila tuzo na kikomo chake, nyengine zinapokea hata wanafunzi, na likizo ya uzazi mara nyingi inatolewa kwenye hesabu, dada zetu mulijue hilo. Lugha mara nyingi ni Kiingereza, lakini hoja ipange kwa Kiswahili kwanza, ukiweza kumueleza mamaako akakubishia basi iko hai.

Kabla hujatuma, futa jina lako hata kwenye taarifa za faili la komputa, ondoa shukurani ulizomuandikia msimamizi wako, usiandike "kama nilivoonesha kwenye makala yangu". Idadi ya maneno iheshimu, ukizidisha unaweza kutolewa bila kusomwa. Insha iliyoko kwenye jarida jengine inasubiri majibu usiipeleke. Na ukiombwa pesa nyingi ya kuingia, mtafute mwalimu wako kwanza akutizamie kabla hujalipa.