Tawi likifungwa hela yako haipotei, noti ndo zinaondoka

Kila tawi la benki likifungwa mahali napigiwa simu, "sasa hela zetu zimeliwa?" Nimekaa benki miaka, kaunta kwanza halafu ukaguzi, matawi mawili nimesimamia mwenyewe kuyafunga, kwa hiyo ngoja nieleze.

Watu wanachanganya benki kufa na tawi kufungwa. Januari 2018 BoT, Benki Kuu ya Tanzania, ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo, Njombe Community Bank na Meru Community Bank zikiwemo, mtaji haukutosha. Hiyo ndo kasheshe, maana wakati ule bima ya amana, ile inayomlipa mteja benki ikifa, mwisho ilikuwa milioni 1.5, uliyeweka zaidi unasubiri mfilisi, yule anayekusanya mali za benki iliyokufa ili alipe wanaodai. Tawi likifungwa hayo hayapo, akaunti ni ileile, salio lilelile, limehamia tawi la jirani. Ila jirani mwenyewe yuko kilomita 70, njia ya vumbi.

Matawi ya miji midogo mengi hayakufunguliwa kwa hesabu ya faida. 1967 baada ya Azimio la Arusha mabenki yakataifishwa, ikazaliwa NBC, ikatandaza matawi hadi wilayani, mishahara ya walimu ipite hapo na hela za mazao pia. 1997 NBC ikagawanywa, matawi mengi ya wilayani yakaangukia benki mpya, NMB, na kuna sehemu kaunta ilibaki ya mbao ileile, kilichobadilika bango.

Na tawi dogo haliuliwi na kukosa wateja jamani, mwisho wa mwezi foleni inazunguka jengo! Shida wote wanakuja kutoa. Noti lazima zisafirishwe, gari, askari wenye silaha, bima ya njiani, bima ya zikilala, na noti iliyolala strongirumu, chumba cha chuma cha kutunzia hela, haizai hata senti. Halafu M-Pesa ikaja 2008, mawakala wa benki 2013, makao makuu wakaona miamala ya kaunta inashuka, wakapiga hesabu.

Siku ya kufunga strongirumu inafunguliwa kwa funguo mbili, meneja na mwenzake, hakuna anayeingia peke yake. Tukahesabu mpaka jioni, tukafunga magunia kwa lakiri. Nje mzee mmoja kashika kitabu cha akiba, kile cha karatasi, anataka kigongwe muhuri wa mwisho. Nikamgongea, utaratibu haukuwepo lakini ningemwambiaje?

Msimu wa korosho nikapita tena. Wakala ana floti, yaani salio lake la kufanyia miamala, kwenye simu imejaa, droo ya noti tupu, mama anataka laki nane anaambiwa chukua laki, rudi kesho. Hapo hapo mwenye duka la vifaa vya ujenzi hatua kumi tu kalala na mamilioni chini ya godoro, hana pa kuyapeleka. Mwishowe nikawakutanisha, sasa kila jioni duka linapeleka mauzo kwa wakala, wakala anamrushia kwenye akaunti, na asubuhi droo ina noti.