Joki wa Kibarua Si Joki Msafiri

Wiki hii nimemsikia tena mtangazaji wa michezo, ambaye kwa mengine namheshimu, akilitafsiri neno la Kiingereza "journeyman" kuwa "joki msafiri". Maana ya neno hilo katika mbio za farasi za kuruka viunzi ni fupi: ni joki, yaani mpanda farasi wa mashindano, aliyehitimu kazi yake, anayelipwa kwa kila farasi anayempanda, na ambaye si nyota.

Kosa linaeleweka, kwa kuwa "journey" siku hizi ni safari. Lakini mzizi wake ni neno la Kifaransa "journée", yaani kutwa, au kazi ya kutwa. Katika vyama vya mafundi vya Ulaya ya zama za kati, mwanagenzi alifungwa kwa bwana wake miaka kadhaa, na alipohitimu ndipo aliporuhusiwa kuuza kazi yake kwa ujira wa siku, akapata na jina hilo. Hata safari yenyewe iliingia kwa mlango huohuo, kwani hapo mwanzo "journey" ulikuwa mwendo wa siku moja. Sisi tunalo neno lililo jirani kabisa: kibarua, yaani barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Upungufu wake ni kwamba kibarua wetu haulizwi ufundi, ilhali "journeyman" ni fundi kamili.

Isitoshe, Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili majoki wote walisafiri. Joki nyota Fred Winter, aliyeshinda mbio 121 katika msimu wa 1952–53, alizunguka viwanja vilevile. Tofauti ni kwamba yeye alitafutwa, na wenzake wakangoja kuitwa. Asiyepanda hakulipwa, na mfupa ukivunjika ujira ulikatika. Mfuko wa kuwasaidia majoki walioumia ulianzishwa mwaka 1964 tu, baada ya Tim Brookshaw, aliyewahi kuwa bingwa, na Paddy Farrell kupooza kwa kuanguka katika uwanja wa mbio wa Aintree, Liverpool, katika msimu mmoja.

Mfano wangu ni John Buckingham, ambaye mwaka 1967 alipewa farasi Foinavon siku chache tu kabla ya Grand National, mbio kubwa za viunzi za Aintree, baada ya wengine kumkataa farasi huyo. Mkufunzi wa farasi huyo mwenyewe siku hiyo alikwenda kwenye mbio nyingine, Worcester. Kwenye kiunzi cha 23 farasi asiye na mpandaji aliwakatiza waliotangulia, wakarundikana, na Buckingham, aliyekuwa nyuma sana, akapata nafasi ya kupenya na kushinda kwa dau la 100 kwa 1, yaani shilingi moja iliyowekwa ingelipa faida ya mia. Baadaye alipostaafu, aliwatunzia majoki wenzake matandiko na mavazi.

Mtangazaji wetu hakosei akisema Buckingham alisafiri hadi Aintree. Ila jina lile alipewa kwa ajili ya ujira wa siku, na "joki wa kibarua" lingemtosha.