Shokapu za mbele za pikipiki ya zamani: bomba kwanza, sili baadaye

Shokapu ya mbele ikivuja, wengi hukimbilia kununua sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Sili mpya inatiwa, oili inajazwa, na baada ya wiki chache mafuta yanarudi palepale. Mara nyingi sili haikuwa na kosa. Iliyoikata ni nukta ya kutu kwenye bomba, na nukta hiyo bado ipo. Ndiyo maana kwa pikipiki za miaka ya 1960 na 1970 mimi hukagua bomba kabla sijagusa spana.

Nazungumzia shokapu za kawaida za enzi hiyo: bomba la chuma lenye kromu linaloingia kwenye mguu wa alumini, springi ndani ya bomba, na chini kabisa rodi yenye matundu iliyoshikwa na boliti moja inayopita kwenye kitako cha mguu. Springi hubeba uzito. Oili ikilazimishwa kupita kwenye yale matundu ndiyo inayoituliza springi isirukeruke.

Futa bomba, kisha pitisha ukucha taratibu kutoka juu kwenda chini. Panaponasa ukucha, mdomo wa sili nao utanasa. Eneo la kuogopa ni sentimita 12 hivi juu ya mguu, kwa sababu hapo ndipo sili inapopita kila ukigonga shimo. Kutu iliyojificha juu zaidi, chini ya mabano ya taa, inaudhi macho tu. Nukta moja mbili ndogo zinatengenezeka: ondoa ncha zilizoinuka kwa jiwe la kunolea lililolowekwa oili, safisha kwa spiriti, jaza gundi ya epoksi ya sehemu mbili, iache ikauke kabisa, halafu sawazisha kwa msasa wa maji namba 1000, umalizie na 2000. Kromu ikiwa inabanduka kama magamba, gundi haitasaidia. Bomba libadilishwe, au lipigwe kromu upya na kusagwa hadi kipimo chake.

Wakati wa kufungua, mpangilio wa hatua ndio unaokuokoa. Inua pikipiki kwa kuegemeza chini ya injini hadi gurudumu lining'inie. Legeza kwanza boliti ya kishikio cha juu, kile kinachoshika bomba karibu na usukani, maana inabana bomba pale pale kwenye meno ya kifuniko chake cha juu. Kisha legeza kifuniko nusu mzunguko tu, bomba likiwa bado limeshikwa na kishikio cha chini. Baada ya kutoa gurudumu, ilegeze na boliti ya kitako springi ikiwa bado ndani, kwa kuwa msukumo wake huizuia rodi isizunguke. Ukisahau, rodi itazunguka pamoja na boliti. Dawa yake ni mpini wa ufagio uliochongwa ncha: uingize kwa juu, ugonge kidogo ukamate kichwa cha rodi, mtu mwingine aushike wewe ukifungua. Kifuniko chenyewe kimalizie kwa kukikandamiza na kiganja, uso ukiwa pembeni. Springi hukirusha kwa nguvu ya kuvunja jino.

Oili inayotoka itazame. Ya kijivu kama chai ya maziwa imeingia maji. Yenye unga unaometa inakuonyesha alumini au bushi (mkono mwembamba ambao bomba huteleza ndani yake) inavyolika. Mara nyingi kitako kina tope zito ambalo kumwaga tu hakuliondoi, kwa hiyo kila kitu kioshwe kwa mafuta ya taa, matundu ya rodi yapulizwe hewa, na kile kikombe kidogo cha alumini kinachokaa chini ya rodi kisipotelee kwenye beseni. Bila kikombe hicho shokapu itagonga kitako kila ikizama hadi mwisho.

Bomba lililo tupu libingirishe juu ya kioo na uangalie mwanga chini yake. Vitabu vingi vya matengenezo huweka kikomo cha kupinda karibu na milimita 0.2. Lililopinda kidogo hunyooshwa kwa presi. Lenye mkunjo au ufa lisirudi barabarani.

Sili ya zamani hutoka kirahisi baada ya kuondoa klipu inayoishika na kumwagia mguu maji yanayochemka, kwani alumini hutanuka kuliko chuma. Weka kipande cha mti kwenye ukingo kabla ya kubenua. Ukirudishia, funika ncha ya bomba kwa mfuko wa plastiki uliopakwa oili ili makali yake yasichane mdomo wa sili. Upande wenye springi ndogo uelekee chini, kwenye oili. Igonge kwa kipande cha bomba la plastiki chenye upana wake, mpaka mfereji wa klipu uonekane wote. Washa ya shaba ya boliti ya kitako iwe mpya. Ya zamani imeshakuwa ngumu na ndiyo huleta lile tone la chini ambalo watu hulisingizia sili.

Kuhusu oili watu hubishana sana. Vitabu vingi vya wakati huo vilitaja oili ya injini ya 10W-30 au oili ya giaboksi ya otomatiki. Leo 10W ya shokapu ni mwanzo mzuri, lakini namba hiyo haina kipimo kimoja kati ya watengenezaji, kwa hiyo linganisha mnato ulioandikwa kwa nyuzi joto 40 za Selsiasi. Kuweka oili nzito ili kuficha springi iliyochoka ni kosa: kwenye matundu ya rodi ukinzani hupanda haraka kuliko mwendo, na kila shimo la ghafla litakufikia mikononi.

Kitabu hutoa ujazo wa aina mbili, wa kumwaga tu na wa shokapu iliyofunguliwa kabisa. Wewe tumia wa pili. Mimi huamini zaidi kupima kina: springi nje, bomba limezamishwa lote, pampu mara kumi kutoa hewa, kisha rula kutoka ukingo wa juu hadi usoni mwa oili, miguu yote miwili ilingane. Oili ikizidi, hewa inakosa pa kubanwa na sili hung'oka.

Vishikio vya ekseli usivikaze mapema. Kaza nati ya ekseli, shusha pikipiki, kandamiza usukani mara kadhaa miguu ijipange, ndipo ukaze vishikio. Baada ya kilomita 100 futa bomba tena. Ukungu mwembamba wa oili siku za mwanzo ni wa kawaida. Oili ikijikusanya kuwa pete, rudi na ukucha wako pale juu ya mguu.