Ukienda bwawani usianze na maji, zunguka kwanza nyuma ya tuta

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, kila nikifika kijiji chenye bwawa au lambo swali la kwanza ni lile lile, "injinia, maji yatatufikisha Novemba?" Sawa, ni swali la haki kabisa, huku kwetu mvua ikikata Aprili au Mei ndo basi tena mpaka mwisho wa mwaka, na watu wa Newala na Tandahimba hawahitaji kufundishwa maana ya dumu la maji, kule juu mchanga unameza mvua yote na maji inabidi yapandishwe kwa pampu kutoka bondeni Mitema. Lakini miaka yote hii ya kuzunguka mabwawani sikumbuki mtu kaniuliza tuta, yaani ule ukuta wa udongo unaozuia maji, likoje kule nyuma, upande mkavu, na mimi huko ndo naendaga kwanza kabla hata ya kusalimia maji.

Kuna kijiji kimoja, sikitaji, nilifika mwezi wa tisa, jua kali, kila kitu kimekauka, mzee mmoja mjumbe wa kamati ya maji akanishika mkono akanipeleka nyuma ya tuta kunionyesha bustani. Mchicha umestawi, matembele, migomba mitatu, matete ya kijani. "Injinia, bwawa letu lina baraka mpaka huku nyuma, hatumwagilii hata kopo." Mzee kafurahi kweli, na mimi nikaanza kuvua viatu nikanyage nione ardhi inabonyea kiasi gani, maana mchicha unaostawi mwezi wa tisa bila kumwagiliwa, chini ya tuta la udongo, maji yake yanatoka wapi kama sio ndani ya tuta lenyewe?

Hapa niseme vizuri watu wasiogope bure. Tuta la udongo lote linapitisha maji kidogo, hakuna la udongo lisilovuja kabisa, kwa hiyo unyevunyevu peke yake sio msiba. Cha kuangalia ni mambo mawili, je yanaongezeka wakati kina cha bwawa ni kile kile, na je yana rangi gani. Kinga yale maji yanayochuruzika kwenye chupa nyeupe ya soda, iache itulie. Yakiwa meupe na chini hakuna kitu, endelea kuyafuatilia kila wiki na uandike. Yakiwa na tope, au chini ya chupa kumebaki mchanga laini, hayo maji hayapiti tu, yanabeba tuta lako kidogo kidogo kwenda nalo, ndani kunachimbika kijitundu ambacho kinaanzia nyuma kinarudi kuelekea kwenye maji, na siku kikifika mbele hamna tena cha kuzuia. Bwawa la Teton kule Marekani lilivunjika hivyo hivyo Juni 1976, lilikuwa jipya, ndo kwanza linajazwa mara ya kwanza, asubuhi waliona maji ya tope yanatoka ukutani na kabla ya saa sita mchana bwawa halipo. Na lile lilijengwa na wataalamu wenye hela, sembuse lambo letu la nguvu za wananchi.

Sasa vinavyotoboa matuta ya huku kwetu. Cha kwanza mikorosho, na najua hapa nitagombana na watu. Mtu anaona tuta lina udongo mzuri na unyevu anachomeka mkorosho au mwembe, anasema mizizi inashika udongo. Majani mafupi ndo yanashika udongo, mti mkubwa mizizi yake inaingia ndani kabisa, na siku mti ukifa au ukikatwa ule mzizi unaoza unaacha bomba. Kwa hiyo usiukate mti mkubwa kichwa kichwa, ita fundi aangalie namna ya kuutoa na kujaza. Cha pili mchwa, kichuguu juu ya tuta unachokiona nje ni kidogo, mashimo yako ndani. Panya buku na nungunungu nao wanachimba. Na tangu mifugo ilivyoongezeka Lindi kuanzia 2006 na 2007 kuna ng'ombe wanaopandia tutani kwenda kunywa, kwato zinachimba njia, mvua ya kwanza inaigeuza njia kuwa mfereji, wakati dawa yake ni ndogo tu, mbauti, yaani birika la kunyweshea, ijengwe mbali na tuta na njia ya mifugo iwekewe uzio.

Nyufa pia. Kiangazi udongo wa mfinyanzi unapasuka, ufa mdogo unaofuata urefu wa tuta mara nyingi ni ukavu tu ingawa ukiwa mpana na upande mmoja umeshuka hiyo ni habari nyingine, tuta linateleza. Ule unaokata tuta kutoka upande wa maji kuja upande mkavu ndo haulali, ripoti siku hiyo hiyo.

Halafu utoro wa maji, yaani ile njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada. Hii ndo inaniuma kuliko zote, kwa sababu hapa watu tunajiharibia kwa mikono yetu. Bwawa likijaa watu wanaona maji yanapotea pale kwenye utoro, wanapanga viroba vya mchanga ili yabaki mengi zaidi, au wanaziba kwa miti na nyavu kutega kambale. Ile nafasi kati ya maji na kichwa cha tuta, mara nyingi kama mita moja hivi kwenye mabwawa madogo, haikuachwa kwa uzembe, ni ya siku ya mvua kubwa na mawimbi. Ukiila kwa viroba, mvua ikija maji yanapita juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa juu halichukui muda. Na mvua hizo tunazo, mnakumbuka kimbunga Hidaya Mei 2024 kilivyokata barabara ya Lindi kwenda Dar, na wazee wa Lindi wanazo habari za kimbunga cha 1952. Derna, Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yaliyopangana kwenye korongo moja yalienda usiku mmoja na maelfu ya watu. Solai kule Nakuru, Kenya, Mei 2018, lilikuwa bwawa la shamba tu, wakafa watu zaidi ya 40.

Piga hesabu mwenyewe, mita moja ya ujazo ni tani moja, ni madumu 50 ya lita 20. Lambo la mita za ujazo 50,000, ambalo ni dogo tu, ni tani 50,000 zimekaa juu ya nyumba zilizo bondeni.

Kuhusu maji yenyewe nitapita haraka. Msimu wa kupulizia mikorosho msioshe mabomba ya dawa bwawani, nimeyaona haya kwa macho yangu. Watoto wasiogelee, konokono wa humo ndo wanaleta kichocho. Maji ya lambo yachujwe na yachemshwe au yatiwe dawa, kuwa meupe sio kuwa salama. Na sheria imekataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na shamba lililolimwa mpaka ukingoni ndo linalojaza tope bwawa lako.

Ikitokea usiku maji ya tope yanabubujika nyuma ya tuta, kwanza waamsheni wa bondeni wapande juu, mambo mengine baadaye. Msizibe lile tundu kwa udongo wala kwa magunia ya kukandamiza, maji yatatafuta mlango mwingine. Kama bado ni dogo na pana usalama wa kusogea, mwageni mchanga safi, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yapite lakini udongo ubaki. Kama kuna bomba la kutolea maji fungueni, ila pole pole, bwawa likishushwa ghafla upande wa ndani nao unaporomoka.

Taarifa ipeleke kwa chombo cha maji cha jamii kijijini, RUWASA wilayani, yaani wakala wa maji vijijini, au bodi ya bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iliyopo hapa Mtwara. Ukipiga picha simama upande mkavu, weka jembe au dumu kwenye picha tujue ukubwa, na rudi kesho saa ile ile upige nyingine ukiwa umesimama pale pale.