Khatuni wa Kimongolia hakutawala kwa kunong'ona nyuma ya pazia

Dhana inayochosha kuliko zote ni kwamba khatuni, yaani mke wa mtawala wa Kimongolia, alikuwa na nguvu kwa kumshawishi mume chumbani, basi. Wasomaji huchukua picha ya nyumba ya sultani, yenye kuta na matowashi, wakaibandika nyikani. Haishiki.

Anzeni na mali, ndipo mzungumzie mahaba. Kila mke mkuu alikuwa na ordo yake, yaani kambi inayohama pamoja na mahema, mikokoteni, mifugo, watumishi na maofisa wake. Alipata fungu la ngawira na la kodi za nchi zilizotekwa, na mtaji wake aliukabidhi kwa wafanyabiashara walioitwa ortoq, wakagawana faida. Akifa, kambi haikuvunjwa. Doquz, mke wa Hülegü, mtawala wa Kimongolia wa Uajemi, alipofariki 1265, ordo yake ilikabidhiwa Tuqtani, jamaa yake. Cheo kilibaki hata mwenyewe alipoondoka.

Mtazameni Sorghaghtani. Mumewe Tolui, mwana wa Chinggis Khan, alifariki 1232. Ögedei, khan mkuu, akataka amwoze mwanawe Güyük. Mama akakataa, akisema ana wana wa kulea. Kwa kukataa huko, watu na askari wa Tolui walibaki mikononi mwake. Mwaka 1236 alipewa Zhending, kaskazini mwa China. Alikuwa Mkristo, lakini aligharimia madrasa Bukhara. Kisha akaungana na Batu, mtawala wa magharibi, na 1251 mwanawe Möngke akasimikwa, enzi ikatoka katika ukoo wa Ögedei moja kwa moja. Miaka karibu ishirini ya kulinda mali, kugawa zawadi na kutunza urafiki. Muiite siasa, maana ndiyo yenyewe.

Husemwa pia: "Töregene, mjane wa Ögedei, alinyakua kiti." Hapana. Khan akifa, mjane mkuu kushika usukani mpaka kurultai, baraza la wakuu, imchague mwingine ilikuwa desturi iliyokubalika. Töregene alishika tangu kifo cha Ögedei mwishoni mwa 1241 hadi 1246, akawaondoa mawaziri wazito, Chinqai na Mahmud Yalavach, akamfikisha Güyük kwenye kiti. Hata kabla ya hapo, 1240, mumewe akiwa hai, alitoa amri kwa jina lake.

Wengine huvuka mpaka upande wa pili, wakidai wanawake walikuwa sawa na wanaume. Tunazungumzia wake wakuu wachache, na hata wao hawakuwa salama: Oghul Qaimish, mjane wa Güyük aliyeshika madaraka 1248 hadi 1251, aliuawa kwa amri ya Möngke.

Na Uislamu haukuyafuta haya. Sati Beg, malkia wa ukoo wa Hülegü, aligongewa sarafu kwa jina lake huko Uajemi, 1339. Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa 1331, baadaye alifika kambini kwa Özbeg Khan, mtawala Mwislamu wa Wamongolia wa magharibi, akamwona akiinuka kwenda mlangoni kumpokea Taydula, mkewe mkuu. Taydula huyo huyo alitoa hati za kulinda haki za Kanisa la Urusi.